Ada ya Chuo na Gharama Zinazoifuata

Ada ya chuo ni malipo ya kufundishwa kwa mwaka mmoja wa masomo. Nchini Tanzania ndiyo namba ya kwanza mzazi anayoiulizia jina la mwanawe linapotokea kwenye orodha ya waliochaguliwa, na mara nyingi ndiyo namba pekee anayoiandalia fedha. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa shahada ya sanaa katika chuo cha umma, kula na kulala kwa mwaka mzima hugharimu kuliko ada yenyewe. Familia isiyoijua hesabu hii mapema hujikamua ikalipa ada, kisha kijana akakwama katikati ya muhula kwa kukosa chakula na kodi ya chumba.

Kwa familia nyingi chuo ndicho mlango wa kwanza wenye ada kubwa. Tangu mwaka 2016 shule za umma hazitozi ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa. Mtoto anaweza kusoma miaka yote hiyo bila mzazi kushika risiti ya ada, halafu ndani ya wiki chache akatakiwa kutafuta mamilioni. Ndiyo maana inafaa kuelewa, kabla ya matokeo kutoka, gharama za chuo ni zipi, hulipwaje, na msaada hupatikana wapi.

Nani alilipa zamani

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru serikali ndiyo iliyobeba mzigo wa wasomi wake: ada, chakula, kitanda na vitabu. Wanafunzi walikuwa wachache, na nchi iliwahitaji mno walimu, madaktari, wahandisi na mabwana shamba.

Kusoma bure hakukuwa na maana ya kusoma bila deni. Deni lilihesabiwa kwa utumishi. Mwaka 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, Rais Julius Nyerere aliwafukuza mamia yao wakarudi makwao. Kwa mtazamo wake, aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima alipaswa kuwa tayari kulirudisha kwa kazi.

Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, na idadi ya wanafunzi ikiendelea kupanda, serikali ilitangaza mwaka 1988 sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu. Utekelezaji ulianza kwa awamu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mzazi na mwanafunzi walianza na gharama ndogondogo kama nauli na usajili, kisha chakula na malazi vikaingizwa katika mkopo. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Zanzibar ilianzisha bodi yake kwa sheria ya mwaka 2011. Tangu hapo deni la msomi likaacha kuhesabiwa kwa utumishi, likahesabiwa kwa shilingi.

Kilichomo katika malipo ya chuo

Fomu ya maelekezo ya kujiunga, ambayo mwanafunzi huipata baada ya kuthibitisha nafasi yake, ina majedwali mawili. La kwanza linaonyesha fedha zinazolipwa chuoni. Ada ndiyo kubwa kuliko zote. Katika vyuo vikuu vya umma, shahada nyingi za sanaa huanzia karibu na shilingi milioni 1 kwa mwaka, na sayansi, uhandisi na udaktari hupanda zaidi. Vyuo binafsi hutoza zaidi, na udaktari wa binadamu huko huweza kupita shilingi milioni 5 kwa mwaka.

Chini ya ada hufuata mistari midogo ambayo macho huiruka: usajili, kitambulisho, mitihani, mchango wa serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari kwa ajili ya vifaa vitakavyoharibika, mchango wa shilingi 20,000 wa kusimamia ubora unaokwenda Tume ya Vyuo Vikuu, na bima ya afya ya shilingi 50,400 kwa asiye na bima nyingine. Kila mstari peke yake hautishi. Ikijumlishwa hufika laki kadhaa, na sehemu kubwa hudaiwa siku ya usajili, kabla mkopo wowote haujaingia.

Jedwali la pili ni la fedha anazohitaji mwanafunzi mwenyewe: chakula, malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kozi, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Anayesoma udaktari atahitaji koti jeupe na vifaa vya kupimia. Anayesoma usanifu majengo atahitaji vifaa vya kuchorea. Nafasi katika mabweni hazitoshi wote, kwa hiyo wengi hupanga vyumba mtaani, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Vyuo vya kati, vinavyotoa astashahada na stashahada chini ya usimamizi wa baraza la NACTVET, vina hesabu kama hiyo hiyo kwa viwango tofauti. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA ni nafuu zaidi: ada ya kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kijana anayependa umeme, uashi au ushonaji, na ambaye familia yake haina uwezo, hapaswi kuuona mlango huo kama wa walioshindwa.

Kulipa kwa awamu

Vyuo vingi huruhusu ada ilipwe kwa awamu, sehemu mwanzoni mwa muhula wa kwanza na iliyobaki mwanzoni mwa wa pili. Vingine, hasa vya binafsi, hukubali awamu nne. Utaratibu huo huandikwa katika fomu ya kujiunga, na ukikiukwa mwanafunzi huweza kuzuiwa kusajiliwa au kuingia chumba cha mtihani. Mzazi anayejua kwamba fedha zake zitachelewa afike katika ofisi ya mhasibu au ya mshauri wa wanafunzi kabla ya tarehe kupita. Maombi yaliyoandikwa na kupokelewa mapema hupata masikio. Machozi ya asubuhi ya mtihani hayabadilishi orodha.

Tatizo la familia za wakulima ni kalenda. Vyuo vikuu hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi huwa anaingia kwenye minada wakati huohuo, kwa hiyo malipo ya chama cha msingi cha ushirika yakichelewa wiki mbili, usajili nao huchelewa. Mkulima wa mahindi huvuna katikati ya mwaka, bei ikiwa chini, na akiuza magunia yote Julai kwa mahitaji ya nyumbani, Oktoba humkuta ghala tupu. Wapo wanaotenga magunia ya ada tangu siku ya kuvuna na kuyauza karibu na kufungua chuo, bei inapokuwa imepanda. Wengine hununua hisa katika kikoba au huweka akiba katika SACCOS kuanzia mtoto anapoingia kidato cha kwanza. Miaka sita ya shilingi 20,000 kila mwezi ni shilingi 1,440,000, na hiyo inatosha kumwingiza chuoni bila kuuza ng'ombe wa maziwa.

Vyuo vya umma hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba, kupitia benki, wakala au simu. Namba hiyo hutolewa na mfumo wa chuo kwa jina la mwanafunzi na kwa aina maalumu ya malipo. Mtu yeyote anayetaka ada itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, awe anajiita dalali, ofisa au mdogo wa mhasibu, aogopwe. Kila mwaka vishoka hula fedha za wazazi walioharakishwa.

Mkopo wa Bodi

Kwa mwanafunzi asiye na uwezo, msaada mkubwa zaidi ni mkopo wa Bodi. Bajeti yake imekua: shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, bilioni 570 mwaka uliofuata, na bilioni 787 mwaka 2024/25. Hata hivyo waombaji ni wengi kuliko fungu, na ndiyo sababu Bodi hupima uhitaji wa kila mwombaji. Si lazima mkopo uje kwa ukamilifu. Mmoja anaweza kupewa ada yote pamoja na fedha za kujikimu, mwingine akapewa sehemu tu ya ada.

Mwombaji awe Mtanzania asiyezidi umri wa miaka 35, awe amepata nafasi katika chuo chenye ithibati, na awe hana kipato cha mshahara wala mkataba. Wanaopewa uzito ni yatima, wenye ulemavu au ambao wazazi wao wana ulemavu, waliotoka kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF, na waliosomeshwa sekondari na wafadhili kwa sababu ya umaskini. Kuanzia mwaka 2023/24 mikopo ilifunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo.

Maombi hufanywa kwenye mfumo wa Bodi wa mtandaoni katika dirisha linalotangazwa kila mwaka, kwa ada ya shilingi 30,000. Mwombaji hutumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne aliyoombea chuo. Akishajaza, huchapa fomu, huipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa mdhamini wake, na kwa wakili au hakimu ili ipigwe saini na mihuri, kisha huzipandisha kurasa zake katika mfumo.

Karatasi zinazoamua

Wengi wanaokosa mkopo hawakosi kwa kuwa na uwezo. Wanakosa kwa karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA kwa Tanzania Bara au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa Zanzibar, na vivyo hivyo cheti cha kifo cha mzazi. Uhakiki huo una foleni yake, nayo hurefuka dirisha la mikopo linapofunguliwa.

Chukua mfano wa binti aliyefiwa na baba akiwa darasa la tatu. Baba alizikwa kijijini siku ya pili, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyekwenda kuchukua cheti cha kifo. Mtaa mzima unajua kwamba binti huyo ni yatima, na ukoo wote umemlea. Katika mfumo, hata hivyo, hana karatasi ya kuonyesha. Kupata cheti hicho miaka kumi baadaye kunahitaji barua ya mtendaji wa kijiji, mashahidi, safari za wilayani na wiki nyingi za kusubiri. Dirisha haliwezi kumngoja.

Kosa lingine la kawaida ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi, cha kidato cha nne Mohamed, na kitambulisho cha taifa Muhammad. Nyumbani ni mtu mmoja. Kwa mashine ni watu watatu. Marekebisho hufanywa kwa hati ya kiapo au ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hayo nayo hutaka muda na fedha. Wakati mzuri wa kupanga karatasi hizi ni likizo ya baada ya mtihani wa kidato cha sita. Bahasha moja yenye cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, cheti cha kifo pale kinapohusika, namba ya kitambulisho ya mdhamini, picha, na namba ya kaya ya TASAF kwa mwenye nayo, ina thamani kubwa kuliko ahadi ya mjomba yeyote.

Majina hutoka kwa awamu. Asiyejiona katika awamu ya kwanza asikate tamaa, kwa kuwa huenda akatokea katika zinazofuata, na baadaye Bodi hufungua dirisha la rufaa. Rufaa yenye nguvu ni ile inayoleta ushahidi ambao haukuwepo mwanzo. Barua ya kulalamika peke yake haitoshi.

Bumu na hesabu ya siku sitini

Ada ya mkopaji hulipwa moja kwa moja chuoni. Fedha za chakula na malazi, zile ambazo wanafunzi wote huziita bumu, huingia katika akaunti yake baada ya kusaini kwamba yupo chuoni. Asiyesaini kwa wakati, fedha zake hurudishwa. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, kikapandishwa kuwa 10,000 mwaka 2022/23.

Bumu hutolewa kwa vipindi, kwa kawaida siku 60 kwa mara moja, yaani shilingi 600,000 kwa anayepata kiwango kamili. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika zaidi ya nauli ya daladala, hizo ni fedha nyingi. Zikikaliwa chini na kalamu huonekana vingine. Akilipa kodi ya miezi sita ya chumba cha shilingi 60,000, anatoa 360,000 kwa siku moja. Zinabaki 240,000 za siku 60, yaani shilingi 4,000 kwa siku za chai, chakula cha mama lishe, sabuni, nauli na kurudufu vitini. Inawezekana kuishi hivyo, lakini haiwezekani kuishi hivyo na kununua simu mpya wiki ya kwanza. Wanafunzi wawili wakipanga chumba kimoja na kupika kwa zamu, mzigo huo hupungua karibu nusu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba bumu la kwanza huweza kuchelewa baada ya chuo kufunguliwa. Mzazi ambaye mwanawe amepata mkopo kamili bado anatakiwa kumpa nauli, malipo madogo ya usajili, godoro, na chakula cha angalau wiki tatu. Mkopo pia hufuata maendeleo ya masomo. Anayerudia mwaka huweza kusimamishiwa mkopo, na anayehama chuo au kozi anapaswa kufuata taratibu za kuhamisha mkopo wake.

Misaada isiyorudishwa

Ufadhili ni msaada usiodaiwa, na ushindani wake ni mkali. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23, hugharimia wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaosomea sayansi, teknolojia, uhandisi na tiba. Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mwaka 2009 mfuko wa ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambao uliwatazama hasa wasichana wanaofanya vizuri katika hisabati na sayansi. Wizara ya Elimu hutangaza nafasi zinazotolewa na serikali za nje, na vyuo vyenyewe huwa na tuzo na mifuko midogo ambayo wengi hawaulizii.

Yapo pia makanisa, misikiti, mashirika, na halmashauri zinazosaidia wanafunzi wao. Mzazi aliyeajiriwa anaweza kukopa benki au SACCOS kwa dhamana ya mshahara. Huo ni mkopo wenye riba na makato yake huanza mwezi unaofuata, kwa hiyo unafaa kujazia pengo dogo kuliko kubeba miaka mitatu yote. Mikopo ya haraka ya kwenye simu haifai kabisa kwa ada: muda wake ni wa siku, ilhali shahada ni ya miaka.

Kurejesha

Mkopaji hutakiwa kuanza kurejesha miezi 24 baada ya kumaliza au kuacha masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Mwajiri ndiye anayekata na kupeleka fedha hizo kwa Bodi. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, au angalau shilingi 100,000 kwa mwezi.

Mwaka 2021 serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezeka kila mwaka na kuwafanya baadhi ya walimu na wauguzi waone deni likikua huku wakikatwa. Faini ya asilimia 10 ya kuchelewa nayo ikaondolewa. Kilichobaki ni asilimia 1 ya gharama za uendeshaji.

Hesabu ya mkopaji mmoja huonyesha uzito wa jambo. Aliyekopeshwa ada ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, bumu la siku 240 la shilingi milioni 2.4, na laki 2 za vitabu, hutoka na deni la shilingi milioni 10.8 baada ya miaka mitatu, bila kuhesabu asilimia 1 hiyo. Katika deni hilo, ada ni shilingi milioni 3 tu. Akipata kazi ya mshahara wa msingi wa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi, naye atalipa kwa takriban miaka saba na nusu. Anayechelewa kupata ajira akafike Bodi na kueleza hali yake, kwani sheria inaruhusu mdaiwa anayekwepa kushtakiwa na taarifa zake kupelekwa kwa taasisi za kumbukumbu za mikopo, jambo linaloweza kumnyima mkopo wa nyumba au wa mtaji.

Marejesho hayo ni sehemu ya fedha zinazokopeshwa tena. Shilingi 120,000 zinazokatwa kwa mwalimu wa Sumbawanga mwishoni mwa mwezi ni siku 12 za bumu la kijana asiyemjua, anayeanza mwaka wa kwanza akiwa na bahasha yake ya vyeti mkononi.